MITANDAO YA SIMU YENYE MFUMO WAZI WA REDIO: FAIDA ZAKE NA KASORO ZAKE

Maelezo kwa watumishi wa Serikali na wananchi

Wananchi na watumishi wa Serikali wanapewa maelezo haya mintarafu ya aina mpya ya mitambo ya simu za mkononi, inayojuulikana kwa jina la mfumo wazi wa redio. Jina hilo limekuwa likisikika katika mikutano ya wataalamu na katika taarifa za makampuni ya simu, hasa tangu mwaka 2018. Wapo wanaoueleza mfumo huo kuwa ni dawa ya kila tatizo la mawasiliano, na wapo wanaouona kuwa ni jambo la mashaka. Madhumuni ya maelezo haya ni kuweka bayana mfumo huo ni kitu gani, una manufaa gani, una kasoro gani, na mkaazi wa kisiwani unamhusu vipi.

Kwanza inafaa ifahamike kuwa neno "redio" hapa halina maana ya redio ya kusikilizia taarifa ya habari. Lina maana ya mitambo inayorusha na kupokea mawimbi ya simu katika minara. Na neno "wazi" halina maana ya kwamba mazungumzo ya watu yatasikilizwa na kila mmoja, wala kwamba huduma itakuwa ya bure. Kilicho wazi ni kanuni za kuunganisha chombo kimoja na chengine.

MNARA UNAVYOFANYA KAZI

Mtu anapopiga simu, sauti yake haiendi moja kwa moja kwa anayempigia. Simu huirusha kwa mawimbi hadi katika mnara ulio karibu. Juu ya mnara huo kuna antena na redio. Chini yake, ndani ya kibanda au kabati la chuma, kuna mtambo wa kuchakata mawimbi, ambao kazi yake ni kuyageuza mawimbi yawe taarifa na taarifa ziwe mawimbi, na kuigawia kila simu nafasi yake. Kutoka hapo taarifa husafiri kwa mkongo au kwa mawimbi ya mnara hadi mnara, mpaka katika mtambo mkuu wa kampuni, ambao ndio unaojua nani amempigia nani na salio lake ni kiasi gani. Redio ya juu na mtambo wa chini kwa pamoja ndizo zinazoitwa mtandao wa redio. Hiyo ndiyo sehemu inayoigharimu kampuni fedha nyingi zaidi, kwa sababu hurudiwa katika kila mnara.

Mlango ulio baina ya simu na mnara uko wazi tangu zamani. Simu iliyotengenezwa Korea, China au Marekani huweza kuwasiliana na mnara wa kampuni yoyote, kwa sababu kanuni za mawasiliano hayo zimeandikwa na kutangazwa kwa wote, hasa na jumuiya ya viwango ya 3GPP iliyoundwa mwaka 1998. Lakini mlango ulio baina ya redio ya juu na mtambo wa chini haukuwa hivyo. Mwaka 2003 watengenezaji wa Ericsson, Huawei, NEC, Nortel na Siemens walianzisha mashirikiano ya kupanga njia moja ya kuunganisha sehemu hizo mbili, iitwayo CPRI. Hata hivyo, kila mmoja alibaki na sehemu alizozijua mwenyewe, na aghlabu redio ya kampuni moja haikuweza kufungwa na mtambo wa kampuni nyengine.

Hali hiyo ni mfano wa mvuvi aliyenunua mashine ya boti isiyokubali plagi, pangaboi wala kipuri chochote isipokuwa cha kiwanda kile kile. Siku ya kununua huenda bei ikawa nafuu. Siku ya kuharibika, muuzaji ndiye anayepanga bei, na mvuvi hana pengine pa kwenda.

CHANZO CHA MFUMO WAZI

Katika miaka ya 2000 watengenezaji wa mitambo hii walianza kupungua. Alcatel ya Ufaransa na Lucent ya Marekani ziliungana mwaka 2006. Nokia na Siemens ziliunganisha biashara zao za mitambo mwaka 2007. Nortel ya Canada ilifilisika mwaka 2009. Biashara ya mitambo ya Motorola ilinunuliwa mwaka 2011, na Alcatel-Lucent ikaingia mikononi mwa Nokia mwaka 2016. Sehemu kubwa ya soko la dunia ikabaki kwa makampuni machache: Huawei, Ericsson, Nokia, ZTE na Samsung.

Makampuni ya simu yaliona kuwa mnunuzi mwenye wauzaji wawili au watatu hana nguvu ya kujadiliana bei. Mwezi wa Februari 2018 makampuni matano, yaani AT&T ya Marekani, China Mobile, Deutsche Telekom ya Ujerumani, NTT Docomo ya Japani na Orange ya Ufaransa, yalianzisha jumuiya ya O-RAN Alliance, ili kuandika kanuni za wazi za kuunganisha sehemu za mtandao wa redio.

Baadaye siasa za dunia nazo ziliongeza kasi. Mwezi wa Julai 2020 Serikali ya Uingereza iliamuru mitambo yote ya Huawei iondolewe katika mitandao ya kizazi cha tano ifikapo mwisho wa mwaka 2027. Kwa uamuzi huo makampuni ya nchi hiyo yalijikuta kwa vitendo yamebakiwa na wauzaji wakubwa wawili tu, nao ni Ericsson na Nokia. Serikali hiyo ikaweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 asilimia 35 ya mawasiliano ya simu za mkononi yapite katika mitambo ya mfumo wazi.

NAMNA MFUMO UNAVYOKUWA WAZI

Mfumo huu umejengwa juu ya mambo matatu.

Mosi, kanuni za kuunganisha redio na mtambo wake zimeandikwa kwa ukamilifu zaidi na kutangazwa. Hivyo redio ya mtengenezaji mmoja inakusudiwa ifanye kazi na mtambo wa mwengine.

Pili, kazi ya kuchakata mawimbi, iliyokuwa ikifanywa na mtambo maalumu, huweza kufanywa na programu iliyowekwa katika kompyuta za kawaida za aina inayotumika katika vituo vya taarifa. Kompyuta na programu huweza kununuliwa kwa watu wawili tofauti.

Tatu, kuna mtambo wa uongozi unaopokea programu ndogo ndogo zilizoandikwa na wataalamu mbalimbali. Programu hizo huweza, kwa mfano, kuzima baadhi ya redio usiku wakati watumiaji ni wachache, na kuziwasha tena alfajiri, ili kuokoa umeme.

FAIDA ZAKE

Faida ya kwanza ni uhuru wa kuchagua. Kampuni isiyoridhika na programu huweza kuibadilisha bila ya kuteremsha redio zote kutoka minarani. Hata kampuni isiyobadilisha chochote hunufaika, kwa sababu muuzaji anayejua kuwa mteja wake anaweza kuondoka huwa mwepesi wa kupunguza bei na wa kuitika anapoitwa.

Faida ya pili inahusu vijiji na visiwa vidogo. Mnara wa kijijini hauhitaji nguvu kama ule wa mjini, na wauzaji wakubwa hawakuwa na hamu kubwa ya kutengeneza mitambo midogo ya bei nafuu. Milango ilipofunguka, watengenezaji wadogo walipata nafasi. Ni kwa sababu hiyo bara la Afrika lilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo za majaribio. Mwaka 2019 Vodafone ilitangaza majaribio ya mfumo huu katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Msumbiji, pamoja na Uingereza yenyewe. Mwaka 2021 MTN ya Afrika ya Kusini ilitangaza makubaliano na makampuni matano, yakiwemo Mavenir na Parallel Wireless, kwa ajili ya kupeleka mfumo huo katika nchi inazozihudumia.

Faida ya tatu ni elimu na ajira. Mtambo uliofungwa hufunguliwa na fundi wa kiwanda tu. Mtambo unaofuata kanuni zilizotangazwa huweza kusomwa darasani, na kijana aliyesoma kompyuta katika chuo cha hapa nchini huweza kuandika programu ya kuuendesha.

Faida ya nne ni kupunguza khatari ya kutegemea mlango mmoja. Muuzaji mmoja akifilisika, akiwekewa vikwazo au akiacha kutengeneza vipuri, mtandao mzima hausimami.

KASORO ZAKE

Kasoro ya kwanza, ambayo ndiyo mama wa nyengine, ni suala la dhamana. Katika mfumo wa zamani, mtandao ukikatika, kampuni ya simu humpigia muuzaji mmoja, naye hana wa kumtupia lawama. Katika mfumo wazi, muuzaji wa redio huweza kusema kosa ni la programu, wa programu akasema ni la kompyuta, na wa kompyuta akasema ni la mkongo. Kila mmoja huweza kuwa na hoja, na mgonjwa anayesubiri gari ya hospitali hafaidiki na hoja hata moja. Kazi ya kuunganisha vyombo vya watu mbalimbali, kuvijaribu, na kuvijaribu upya kila programu moja inapobadilishwa, ni kazi kubwa yenye gharama. Fedha iliyookolewa katika bei ya kununulia huweza kumalizikia hapo.

Kasoro ya pili ni usalama. Milango ikiwa mingi, walinzi nao wanahitajika wengi. Mwezi wa Mei 2022 nchi za Umoja wa Ulaya zilitoa ripoti ya pamoja kuhusu usalama wa mfumo huu. Ripoti hiyo ilikubali kuwa uwazi unaweza kusaidia, kwani kanuni zilizo wazi huchunguzwa na wengi, lakini ilionya kwamba mfumo unaongeza sehemu ambazo wahalifu wa mitandao wanaweza kuzishambulia, hasa katika kipindi cha mwanzo ambapo kanuni hazijakomaa.

Kasoro ya tatu ni umeme na joto. Mtambo maalumu hutengenezwa kwa kazi moja na huifanya kwa umeme kidogo. Kompyuta ya kawaida inayofanya kazi hiyo hiyo huweza kula umeme zaidi na kutoa joto zaidi, isipokuwa iongezewe vifaa maalumu vya kuisaidia.

Kasoro ya nne ni kwamba kanuni za O-RAN Alliance ziliandikwa kwa ajili ya mitandao ya kizazi cha nne na cha tano. Simu ndogo za vitufe za kizazi cha pili, ambazo watu wengi bado wanazitumia kupiga simu na kutumiana fedha, zinahitaji mipango yake mbali.

Kasoro ya tano ni kuwa uwazi huweza kubaki katika karatasi. Mwezi wa Disemba 2023 AT&T ilitangaza mkataba wa miaka mitano na Ericsson, wenye thamani inayokaribia Dola bilioni 14 za Kimarekani, kwa lengo la kupitisha asilimia 70 ya mawasiliano yake katika mitambo inayokubali mfumo wazi ifikapo mwisho wa mwaka 2026. Wapo waliosifu hatua hiyo, na wapo waliouliza: ikiwa sehemu kubwa ya kazi imekwenda kwa kampuni moja kubwa ya siku zote, je, mlango umefunguliwa, au umepakwa rangi tu?

YALIYOTOKEA KATIKA NCHI NYENGINE

Nchini Japani, kampuni ya Rakuten Mobile ilijenga mtandao wake tangu msingi kwa mfumo huu. Ilikusudia kuanza huduma kamili mwezi wa Oktoba 2019, ikachelewa, na ikaanza mwezi wa Aprili 2020. Mtandao huo unafanya kazi, na hilo ni ushahidi kwamba mfumo huu si ndoto. Lakini kujenga mtandao mpya kuligharimu fedha nyingi, na kundi la Rakuten liliandika hasara kwa miaka kadhaa mfululizo. Aidha, katika maeneo ambayo minara yake haijafika, kampuni ililazimika kuazima mtandao wa KDDI.

Nchini Marekani, kampuni ya Dish nayo ilijenga mtandao mpya wa mfumo wazi, na ifikapo mwezi wa Juni 2023 ilitangaza kuwafikia asilimia 70 ya wakaazi wa nchi hiyo. Hata hivyo, madeni yalikuwa makubwa na wateja hawakutosha. Mwaka 2025 kampuni mama yake, EchoStar, ilikubali kuuza masafa yake mengi kwa AT&T na SpaceX. Mitambo ilifanya kazi, lakini biashara haikusimama.

Nchini Ujerumani, kampuni ya 1&1 ilianza huduma ya simu za mkononi kwa mfumo huu mwezi wa Disemba 2023. Kabla ya hapo ilikuwa imetakiwa kuwa na vituo 1,000 ifikapo mwisho wa mwaka 2022, na ikawa na vituo vichache mno. Kikwazo kikubwa kilichotajwa hakikuwa mfumo wazi wenyewe, bali kuchelewa kupatikana kwa minara.

Mafunzo ya nchi hizo tatu yanakutana katika jambo moja. Uwazi hausimamishi mnara, hauleti umeme na hautafuti wateja. Aliyekuwa na mtandao tayari huweza kuingia katika mfumo huu hatua kwa hatua, kama ilivyofanya Vodafone nchini Uingereza, iliyowasha kituo chake cha mwanzo cha aina hii katika mji wa Bath mwezi wa Januari 2022, na kupanga vituo 2,500 katika Wales na kusini magharibi mwa Uingereza. Aliyeanza na mikono mitupu amepata tabu.

MINTARAFU YA UNGUJA NA PEMBA

Kwa mujibu wa Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, posta na simu ni miongoni mwa mambo ya Muungano, na msimamizi wa sekta hiyo ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003. Uamuzi wa kutumia au kutotumia mfumo wazi ni wa makampuni yenye leseni. Hata hivyo, taathira ya uamuzi huo humfikia mkaazi wa kila shehia, na kwa visiwa yapo mambo matatu ya kuzingatiwa.

La kwanza ni masafa ya bahari. Redio na mtambo wake wa kuchakata zinapotenganishwa, taarifa baina yao haziruhusiwi kuchelewa. Muda unaokubalika ni kama sehemu moja katika sehemu elfu kumi za sekunde. Nuru ndani ya mkongo husafiri kilomita zipatazo 20 kwa muda huo. Kwa hivyo, anayesema kuwa mitambo yote ya visiwani inaweza kuwekwa Dar es Salaam, umbali wa kilomita zipatazo 70, na minarani zikabaki redio tupu, hajapiga hesabu. Pemba, iliyo mbali na Unguja kwa kilomita zipatazo 50, itahitaji mitambo yake iliyo Pemba. Hata minara ya Nungwi na Makunduchi haiwezi kuhudumiwa yote kutoka mjini. Mitambo itabaki visiwani, na mafundi wake inabidi wawe visiwani.

La pili ni umeme. Umeme wa visiwa hivi unatoka Tanzania Bara kwa nyaya zilizopita chini ya bahari. Wakaazi wa Unguja hawajasahau kukatika kwa umeme kwa kiasi cha mwezi mmoja mwaka 2008, na kwa takriban miezi mitatu kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Siku kama hizo mnara huishi kwa betri na jenereta. Kila wati inayoongezeka katika matumizi ya mtambo inapunguza saa za mnara kubaki hai. Mtambo wa bei nafuu unaozima saa mbili mapema si wa bei nafuu kwa mama mjamzito wa Kojani au Tumbatu anayetaka kuitiwa boti usiku. Tukio hilo lilifundisha pia upande wa pili wa jambo: nchi iliyotegemea waya mmoja iliumia ulipokatika, na kutegemea muuzaji mmoja wa mitambo ni katika jinsi hiyo hiyo.

La tatu ni mafundi. Mfumo wazi humpa uhuru mwenye ujuzi, na humpa mzigo asiye na ujuzi. Vyuo vilivyopo, kama Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia, vina vijana wanaosoma elektroniki na kompyuta. Bila ya watu hao kuandaliwa, uhuru wa kuchagua muuzaji utageuka kuwa lazima ya kumlipa mgeni wa kuunganisha, na utegemezi utakuwa umehama tu kutoka mlango mmoja kwenda mwengine.

MASUALA YA KUULIZWA

Watumishi wa Serikali wanaoshughulikia mikataba, iwe ya mitandao ya taasisi kama bandari na hospitali au ya minara ya vijijini inayojengwa kwa ruzuku ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, huenda wakakutana na zabuni zinazotaja mfumo huu. Haitoshi kusoma neno "wazi" katika jalada. Ni vyema yaulizwe yafuatayo:

(a) Mtandao ukikatika usiku wa manane, ni nani mmoja, kwa jina lake katika mkataba, atakayebeba dhamana yote bila ya kumtaja mwengine?

(b) Je, mwenye zabuni amekwisha kuunganisha redio na programu za aina hizo hizo mahali pengine, na zinafanya kazi huko?

(c) Kituo kimoja kinatumia umeme kiasi gani, na betri zitakihimili kwa saa ngapi?

(d) Wenye simu za kizazi cha pili watahudumiwa kwa njia gani, na hadi lini?

(e) Ni mafundi wangapi wa hapa watakaofundishwa, na je, watapewa ruhusa ya kuyafungua mabati ya mitambo wenyewe?

(f) Mkataba ukimalizika, je, sehemu moja inaweza kubadilishwa kweli bila ya kubadilisha nyengine? Ikiwa jibu ni la, mfumo huo si wazi.

Kwa upande wa wananchi, hakuna haja ya kubadilisha simu wala laini kwa sababu ya mfumo huu, na yeyote atakayepita majumbani akidai malipo kwa jina lake asisikilizwe, bali aripotiwe kwa sheha. Mawasiliano yanapokatika mara kwa mara, mwananchi ana haki ya kulalamika kwa kampuni inayomuhudumia, na asiporidhika na majibu huweza kupeleka malalamiko yake TCRA. Inafaa aandike siku, saa na mahali palipokatika. Mteja hana haja ya kujua mtambo ni wa nani. Dhamana ya kampuni kwake ni moja, mfumo uwe wazi au uwe umefungwa.

Kwa ufupi, mfumo wazi wa redio unampa mnunuzi haki ya kuchagua, na haki hiyo ni kitu chenye thamani kwa nchi ndogo mbele ya wauzaji wakubwa. Lakini kila aliyepewa haki ya kuchagua amepewa na wajibu wa kuunganisha, kulinda na kutengeneza. Pale ambapo wajibu huo umepewa mwenyewe mapema na kwa maandishi, faida zake zitaonekana. Pale ambapo umeachwa njiani, kasoro zake ndizo zitakazotangulia.